Bushi ya Shaba Tupu

12 Januari

Kwa mwanangu Tarumbeta,

Barua hii anaiandika dada yako kama kawaida, maana macho yangu hayatofautishi tena msumari na njiti ya kiberiti. Sisi hapa karakana tunaendelea kuyeyusha shaba na kusubu. Baba yako mdogo anashughulika na wateja pale mbele, mimi bado niko nyuma kwenye tanuri.

Nimekaa nikafikiri, nikaona nikupime. Umekaa miaka mingi kwenye kiwanda cha watu, huenda umesahau kazi yetu. Niandikie kana kwamba unamfundisha mtu asiyejua kitu: bushi ya mashine ya kusaga tunachanganya nini na nini, kwa kiasi gani, na kipi kinatangulia kuingia kwenye chungu. Usifupishe kwa kudhani ninayajua. Nataka kuona kama na wewe unayajua.

Wewe ndiye mwanangu. Katika kazi hii sina mwingine.

Ni mimi,
Baba yako


2 Februari

Baba yangu mpendwa, na wewe Sindano unayemsomea (soma polepole, usiruke mistari kama ulivyozoea),

Mimi ni mzima. Hilo halina habari, mimi siku zote ni mzima, magonjwa ya huku yananiona yanavuka barabara.

Barua yako imenikuta bwenini nimevua buti, wenzangu wamefungua dirisha kwa ajili ya soksi zangu na baridi inaingia. Nimeisoma mara ya kwanza nimekaa. Mara ya pili nimesimama. Mara ya tatu nikaisoma kwa sauti. Humu chumbani tuko wanne na kila mtu na lugha yake, basi nikawatafsiria ule mstari wa mwisho: wewe ndiye mwanangu. Jamaa wa kitanda cha juu, mchomeleaji, akaniuliza, "Sasa wewe ulitaka uwe nani wake, shangazi?" Nikamwacha. Yeye hakuingia nyumba ya mtu akiwa mgongoni kwa mama yake, tayari ana meno mdomoni. Hajawahi kuitwa mtoto wa kufikia. Hajui mtu anaweza kula sahani moja na watu miaka yote na bado akawa anasubiri kuambiwa karibu.

Haya, tuje kwenye mtihani wako. Unaniuliza mimi kama nimesahau, mimi ambaye huku chungu hakitoki motoni mpaka nitikise kichwa. Shule niliiacha njiani, sikatai, lakini injinia wetu hapa ni mama mmoja mwenye roho nzuri, na nikimletea chai ananichorea mambo kwenye gunia la saruji. Kwa hiyo wewe ulinifundisha inafanywaje, yeye kanifundisha kwa nini. Leo utapata vyote viwili.

Metali ikiwa safi, yaani peke yake, chembe zake zote zina ukubwa mmoja. Zinajipanga safu kwa safu kama wanafunzi mstarini asubuhi. Ukiisukuma, safu moja inateleza juu ya nyingine bila ugomvi. Ndiyo maana waya wa shaba tupu unaukunja kwa vidole. Sasa tia bati, si la kuezekea, lile jeupe la kulehemu. Chembe za bati ni nene zaidi. Ni kama umechukua walinzi wa baa wenye mabega mapana ukawachomeka katikati ya wale wanafunzi. Mstari unapinda. Safu ikitaka kuteleza inagonga bega la mtu. Huo ndio ugumu wenyewe, hakuna uchawi. Na cha ajabu, bati nalo peke yake ni laini, ukiling'ata linabaki na alama ya meno. Laini ukiipika na laini mwenzake, inatoka ngumu. Wenye vitabu wanaita aloi. Sisi tuliita kazi.

Na si ugumu tu. Shaba tupu inachelewa kuyeyuka, na ikishayeyuka inakunywa hewa kama mlevi, halafu inaitapika ndani ya kalibu, lile umbo la mchanga tunamomiminia. Unafungua unakuta sifongo. Ukiichanganya na bati inayeyuka mapema, inatiririka, inaingia kila kona ya mchanga. Ila nisiiseme vibaya shaba tupu, kila mtu na kazi yake. Kwenye waya za umeme hakuna kama yenyewe, kwa sababu umeme nao unapenda njia iliyonyooka, na wale walinzi wa baa wanauzuia.

Bushi ya mashine ya kusaga, ile pete nene mhimili unamozungukia: shaba sehemu tisa, bati sehemu moja, kwa uzito, si kwa macho. Shaba inatangulia, funika na mkaa juu isivute hewa. Ikishakuwa maji kabisa, ndiyo bati liingie, maana likitangulia linaungua bure. Mwisho kabisa risasi, ile metali nzito ya betri za gari, kipande kama kidole gumba. Risasi haichanganyiki na mtu. Inakaa vidoa vidoa ndani ya bushi, na mhimili unapozunguka inajipaka yenyewe kama mafuta. Koroga, ondoa takataka za juu, mimina bila kusita. Ukisita nusu ya njia unapata vipande viwili vilivyokumbatiana kwa unafiki.

Nimefaulu au sikufaulu?

Likizo yangu iko mwezi wa sita. Nataka kuja. Nataka nisimame na wewe tanurini wiki mbili tu, nikuonyeshe koleo la huku. Niambie nije.

Mwanao, mfalme wa moto na mtemi wa vyungu vyote,
Tarumbeta


20 Februari

Kwa mwanangu Tarumbeta,

Umefaulu. Kichwa chako kinafanya kazi vizuri kuliko changu. Tumesubu bushi tano kwa maneno yako na wateja wameondoka wanacheka. Asante sana.

Kuhusu kuja, ngoja kwanza. Barabara ni mbovu na mkataba wa watu usiuchezee. Mimi nipo, sina pa kwenda.

Sasa nataka kukupima kwenye koki za maji. Nimeona siku hizi tukisubu koki unatoka moshi mweupe mwingi na shaba ya njano inatoka nyekundu nyekundu, si njano. Eleza kosa liko wapi. Eleza yote.

Najivunia wewe.

Ni mimi,
Baba yako


15 Machi

Baba mpendwa,

Nimevimba. Mlango wa bweni ninaingia ubavu. Nilimwonyesha injinia barua, akaomba nimsomee kwa lugha yetu ili asikie inavyolia, na nilipofika kwenye "najivunia wewe" akanipa mkono kama nimeoa.

Moshi mweupe ni zinki inakukimbia. Shaba ya njano ni shaba na zinki, karibu sehemu mbili kwa moja, lakini zinki ina haraka; moto ambao shaba ndiyo kwanza inaanza kulainika, zinki inachemka kama uji na kuruka hewani. Ndiyo maana inabaki nyekundu: njano yote imepaa. Basi yeyusha shaba kwanza, punguza upepo wa feni, ndipo uitumbukize zinki vipande vidogo, uizamishe kwa koleo hadi chini, na uongeze kidogo kufidia itakayotoroka. Na huo moshi msiuvute. Unaleta homa ya siku moja, mtu anatetemeka kama kaiba. Mlango wa nyuma uwe wazi. Sindano, wewe na watoto msipite huko wakati wa koki.

Lakini Baba, hili la moshi ulinifundisha wewe mwenyewe. Ulinipiga kofi kwa ajili ya zinki. Naona mtihani wako ni wa kunirudisha darasa la kwanza, sawa, mimi sina kiburi (kicheko hapo).

Ukurasa huu wa pili ni wako Sindano, usimsomee.

Mzee amekuwaje? Amesema asante. Mimi nimekaa chini ya yule mtu toka sijui kujifuta kamasi mpaka nimeota ndevu, sikuwahi kusikia hilo neno likitoka kinywani mwake kuelekea upande wangu. Ukifanya vizuri alinyamaza. Akinyamaza siku nzima ulijua umefanya vizuri sana. Sasa ananiandikia najivunia. Au uzee unamlainisha? Niambie kweli kama anaumwa. Nisije nikafurahia maneno ya mtu anayeaga.

Kaka yako mnene wa furaha,
Tarumbeta


6 Aprili

Kwa mwanangu Tarumbeta,

Mimi si mgonjwa. Usiwe na wasiwasi.

Koki zimetoka njano. Sasa tumepata kazi kubwa. Hospitali inataka bushi ya pampu yake ya maji, ile ya kisima kirefu. Ya zamani imelika, na wagonjwa wanachotewa maji kwa ndoo. Tukiiweza hii, jina la ukoo wetu litasimama.

Nimeamua hii tuisubu kwa shaba tupu isiyochanganywa na chochote. Mchanganyiko unatosha kwa mashine za kusaga, lakini hospitali ni hospitali, inastahili kitu safi chenye asili moja. Kitu safi siku zote ni bora kuliko kilichochanganywa. Nimeshanunua waya za shaba nzuri kabisa. Wewe niambie tu moto uwe kiasi gani, na nifanye nini isitoke na matundu.

Jibu haraka.

Ni mimi,
Baba yako


27 Aprili

Sindano,

Hii ni yako wewe. Nimeituma kwa yule rafiki yako mshonaji ili ikufikie mkononi.

Nani anaandika hizi barua?

Wewe ulikuwa mdogo, huenda hukumbuki. Alikuja mtu mmoja karakana na gunia la waya, amezichuna vizuri, zinang'aa. Akasema anataka bushi ya shaba tupu, asichanganyiwe takataka, yeye ni mtu wa vitu safi. Mzee alicheka mpaka akakaa juu ya ndoo. Mimi nilikuwa nimeshika koleo, sikuwahi kumwona akicheka vile. Halafu akamwambia yule mtu, "Hiyo peleka kwa fundi umeme. Kwangu mimi njoo na shaba na rafiki zake." Yule mtu akang'ang'ania, akalipa, Mzee akamsubia anavyotaka. Alirudi baada ya muda mfupi na bushi imeng'ang'ania mhimili, imechunika kama ngozi ya nyanya ya kuchemsha. Mzee akaichukua akaitundika kwa waya juu ya tanuri, na kila mteja mbishi alionyeshwa.

Baba yetu angeweza kusahau jina langu. Angeweza kusahau jina lake mwenyewe na njia ya chooni. Hilo asingelisahau. Na asingeniuliza moto wa kuyeyushia shaba tupu, maana yeye ndiye aliyenichapa mgongo nikijifunza kuusoma kwa rangi.

Nimezipanga barua zote kitandani nikazisoma upya. Mtu anauliza bushi, halafu anauliza koki, halafu pampu. Haulizwi hivyo mtu anayepimwa. Anaulizwa hivyo mtu anayekamuliwa.

Sitanii, dada yangu. Mimi nikiacha utani unajua kuna nini. Mzee yuko wapi?

Kaka yako


14 Mei

Kaka,

Baba amefariki. Naanza na hilo kwa sababu muda wote huu nimekuwa nikiandika kwa kulizunguka.

Alifariki Oktoba, kabla hata ya ile barua ya kwanza. Kifua kilimbana asubuhi, jioni hakuwepo. Tulimzika kesho yake. Nilikaa kukuandikia siku hiyo hiyo, Baba Mdogo akaichukua karatasi mezani. Akasema, "Akijua atakuja. Akija atasimama mbele ya tanuri, na akishasimama pale hakuna wa kumtoa. Yule ni wa kufikia. Karakana hii ni ya damu." Shangazi wote walikuwepo, hakuna aliyeinua macho. Mimi pia sikuinua.

Halafu wakagundua hakuna anayejua kuchanganya. Unamjua Baba, alimfukuza kila mtu karibu na chungu isipokuwa wewe. Baba Mdogo yeye ni wa kupokea wateja na kunyoosha kola. Mimi nilikuwa msichana wa kuleta maji ya kupozea koleo, nikishayaweka naambiwa toka. Bushi za kwanza zilitoka zinavunjika kama biskuti. Wateja walizirudisha, mmoja alizitupa mlangoni. Ndipo Baba Mdogo akasema kuna mtu anayejua, na mtu huyo anapenda sana kuulizwa.

Yeye alinisomea maswali tu. Hayo mengine, mwanangu, asante, najivunia, ni yangu. Niliweka sukari ili umeze. Niliona usingetoa yote ukiulizwa kikavu. Ulipojibu kwa furaha vile nilijifungia chooni nikalia, halafu nikatoka nikaandika nyingine. Nataka ujue yote mawili.

Mimi na watoto tunalala kile chumba cha nyuma kilichokuwa cha mchanga. Baba Mdogo akisema tutoke, tunatoka leo. Si kisingizio, ni anwani yangu.

Kuhusu shaba tupu. Ni yeye aliyesema. Amekuwa akihubiri usafi tangu msibani, mpaka ameuhamishia kwenye bushi. Ile iliyotundikwa juu ya tanuri ameishusha, anasema inachafua mahali. Mimi nilijua anakosea, kaka. Nimekulia nyuma ya tanuri lile, hata kama nilifukuzwa kila siku. Kila barua anaisoma kabla sijaifunga (hii imepitia kwa mshonaji), nisingeweza kukudokeza hata kwa nukta. Basi safari hii sikumsahihisha. Niliandika neno kwa neno alivyosema na kuifunga, nikasubiri kuona kama wewe bado ni mwanafunzi wa Baba.

Dada yako,
Sindano


19 Mei

Ndugu,

Nimepata habari kwamba umeanza kumsumbua binti yetu kwa barua za siri zinazopitia kwa mafundi cherehani. Sasa tuongee kiume.

Marehemu kaka yangu alikulea kwa hisani. Alikulisha, alikuvisha, alikufundisha kazi. Hilo ni deni lisilolipika, na si hati ya kurithi. Ukoo una mipaka yake. Hata wewe mwenyewe unafahamu hukuzaliwa ndani.

Kukuficha msiba ilikuwa busara ya wakubwa, kukuepusha na gharama za safari na fikra zisizofaa.

Pampu ya hospitali inasubiri. Hujajibu swali la moto. Kama kweli unamheshimu marehemu, maliza alichokuachia. Wagonjwa hawana kosa.

Ni mimi,
Msimamizi wa karakana na mkubwa wa ukoo


9 Juni

Sindano,

Nimekaa na barua mbili, yako na ya yule msimamizi. Yako imenichoma. Ya kwake nimefunikia ndoo ya maji ya kunywa, inazuia vumbi vizuri.

Unajua kilichoniuma kuliko? Si karakana. Karakana ni kuta mbili na moshi, mimi huku nafanya kazi kwenye jengo ambalo karakana yetu ingeingia na kuomba njia ya kutokea. Kilichoniuma ni kwamba mimi nimeomboleza Oktoba nzima ile kwa kucheka. Mzee anashushwa kaburini, mimi niko bwenini nawaigizia watu jinsi alivyokuwa akitembea. Nilimwiga vizuri pia, walianguka vitandani. Halafu Januari nikaanza kuwasomea maneno ya maiti na kupewa mkono.

Imebidi niwaambie. Mtu kama mimi hana siri, mdomo wangu hauna kizibo. Yule mchomeleaji wa kitanda cha juu, mwenye maneno machafu kuliko wote, alishuka akakaa pembeni yangu. Baadaye akaniletea chai, akaimwaga nusu njiani, akanipa hiyo nusu. Injinia kaniuliza kama nataka likizo yangu ianze sasa. Nikamwambia nakwenda kufanya nini. Kumwona nani.

Anasema nilizaliwa nje. Kweli. Mimi ndiye bati la nyumba ile, nililetwa nikatumbukizwa mwishoni. Lakini amwulize mtu yeyote aliyeshika chungu: bati likishaingia, hulitoi. Unaweza kulikana, unaweza kushusha ushahidi uliotundikwa juu ya tanuri, ila huwezi kunyoosha mkono ndani ya bushi ukalichomoa, ikabaki shaba tupu na bado ikawa bushi. Mzee alilijua hilo, ndiyo maana hakuwahi kunieleza mimi ni nani. Au labda hakuwahi kufikiria. Sijui. Sasa sitajua.

Pampu. Nimelala nikiifikiria, nikaamka nikiifikiria. Nikinyamaza, atasubu waya zake. Itatoka na matundu, na hata ikitoka nzima itang'ang'ania mhimili, na mama aliyetoka kujifungua atasubiri ndoo. Huyo mama hanijui na mimi simjui, na hakuna aliyemwuliza mtoto wake ni wa damu gani. Kwa hiyo andika. Andika kwa mkono wako na usimpe karatasi hii, mpe nakala:

Shaba sehemu themanini na nane, bati kumi, zinki mbili. Hii si ile ya mashine ya kusaga. Risasi isiingie hata punje, wagonjwa watayanywa maji hayo. Na wasijaribu kuokoa kwa kutumia shaba ya njano ya koki. Maji yatainyonya zinki taratibu, ibaki sifongo nyekundu yenye sura ya bushi. Shaba kwanza, mkaa juu. Kisha zinki; ikishayeyuka, subiri itulie. Bati mwisho. Kwa sababu ni kipande kinene, kalibu iwekwe mdomo mpana wa kumiminia na ujazwe mpaka juu, maana metali ikipoa inasinyaa na kutafuta ya kuongezea. Isipoipata inaacha shimo katikati, mahali usipoona. Mchanga ukauke kabisa. Ukiwa na unyevu utawarukia usoni.

Zile waya zake safi asizitupe. Ziingie kwenye hiyo themanini na nane. Ndiyo faida yake.

Sasa nina swali moja na ninataka jibu bila sukari. Kuna hata neno moja la kwake? Mle ndani ya barua zote. Labda aliwahi kusema kitu, siku yoyote, nawe ukakikumbuka ukakiandika. Neno moja tu.

Kaka yako,
Tarumbeta


1 Julai

Kaka,

Hakuna.

Nimejaribu kukumbuka ili nikupe hata dogo. Mimi mwenyewe, binti yake wa kuzaa, hakuwahi kuniambia najivunia. Yale maneno niliyatoa pale ambapo na mimi niliyatamani. Siku ile ya mwisho nilimshika mkono, hakumtaja mtu yeyote. Aliuliza kama tanuri limezimwa. Nikamwambia limezimwa. Basi.

Usinichukie kwa kukujibu hivi. Uliniambia bila sukari.

Bushi imetoka. Walisubu kama ulivyosema, nilisimama mlangoni nikawasomea mstari mmoja mmoja na safari hii hakuna aliyeniambia nitoke, maana nilikuwa na karatasi. Fundi wa hospitali aliipiga kwa nyundo, akaipima, akaiweka. Nilikwenda wodi ya wazazi nikafungua bomba mwenyewe. Maji yanatoka kwa nguvu, yanarusha matone mpaka kwenye kuta.

Picha ya Baba Mdogo ilitundikwa ukutani pale ofisini kwa hospitali. Aliwahutubia. Alisema mchanganyiko ule ni wa babu yake, umeshuka ndani ya damu, hautoki nje ya ukoo. Watu walipiga makofi. Nilikuwa nyuma, nimeshika mkoba wake.

Kesho yake akaja na sura laini. Shule moja kubwa inataka kengele, kubwa, inayosikika mtaa wa pili. Anasema wewe ni mtoto wa nyumba hii, mambo ya nyuma yaishe, na nikuombe mchanganyiko wa kengele. Amejaribu kwa ule wa bushi, inatoa sauti kama sufuria iliyojaa nguo. Anasema ukimpa, ataandika jina lako ndani ya kengele, upande wa juu ambako halionekani.

Nimekuandikia kwa sababu amenituma. Ninalotaka mimi ni kujua kama bado utaniandikia.

Dada yako,
Sindano


22 Julai

Sindano wangu,

Wewe nitakuandikia mpaka vidole vikatike. Ulinidanganya, halafu ukaniokoa, vyote kwa kalamu moja, na sina dada mwingine wa kumkasirikia. Watoto wafundishe wewe mwenyewe ile ya pampu. Wasimame mbele ya tanuri. Wakiambiwa watoke, wasitoke.

Umenijibu hakuna, na nimelimeza. Limepita kwa shida, ila limepita.

Mchanganyiko wa kengele ninaujua. Ni bati zaidi, ila kiasi gani ndiyo siri yenyewe: likizidi kidogo kengele inapasuka siku ya kwanza, likipungua inakohoa. Mzee alinifundisha siku mvua ilipotufungia karakana, mimi na yeye tu, na hakuna mwingine hai anayeujua toka kwake.

Mwambie msimamizi nimekataa. Mwambie mimi ni mtu wa nje, siwezi kutoa mali ya ukoo bila idhini ya mwenyewe. Aende akamwulize Mzee. Anajua alipomlaza, aliniacha mimi tu nisijue.

Kaka yako